Honi Iliyoitikiwa

Bariadi, mkoa wa Shinyanga, Tanzania
Jumapili, Oktoba 1996, baada ya ibada

Dadangu Mghoi,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mama, halafu watoto wako kwa umri wao, nisije nikasingiziwa ubaguzi. Je, miguu ya mama imepunguza kuvimba? Na macho yake, bado yanamwonyesha ukungu? Mvua imeshuka huko Voi, au bado mnanunua maji ya mkokoteni? Mimi mwili hauna ugonjwa. Kula nakula, ingawa sisikii ladha, na usingizi ndio huo wa kuazima. Wanasema barua ni nusu ya kuonana. Hii ningependa iwe pungufu ya nusu, maana sitaki mnione nilivyo sasa.

Najua unamsomea mama kwa sauti. Basi simama hapo. Mwambie nimesalimu na niko hai, kisha nenda jikoni ukaimalize peke yako. Ukishasoma utaamua mwenyewe umweleze lini na kwa maneno gani. Naandika haraka kwa sababu madereva wa malori hawana breki za mdomo, na sitaki habari hii muipate kwa mtu wa kituo cha mafuta ikiwa imeshatiwa chumvi. Dada, nimemgonga mtu, naye amekufa. Ni mwanamke, mama wa watoto.

Acha nianze mbali kidogo, la sivyo hutaelewa.

Unakumbuka nilivyokuja huku. Serikali ya hapa iliruhusu watu binafsi kununua pamba, kazi ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake, na matajiri wenye malori wakawa wanagombania madereva. Tajiri wangu alinichukua kwa sababu nimeendesha miaka mingi barabara ya Mombasa na Nairobi. Nami nikajiona fundi. Kumbe lami haimfundishi mtu kila kitu. Huku ni vumbi, na mvua ikinyesha ni tope jeusi linalong'ang'ania gurudumu kama deni la ukoo. Kundi la ng'ombe likikatiza, dereva wa huku anazima injini, anashusha kioo, anamuuliza mchungaji habari za nyumbani, na mchungaji naye anamuuliza za kwake, mpaka mkia wa mwisho upite. Mimi nilikuwa nauma meno tu.

Lakini kilichonishinda zaidi ni honi. Wewe unaijua honi ya kwetu. Honi ya kwetu ni tusi: toka hapo nisije nikakuvunja. Siku zangu za mwanzo niliipiga kutoka Bariadi mpaka Nkoma, na watu, badala ya kutoka barabarani, wanasimama palepale, wanageuka, wananipungia mkono. Nikipiga kwa hasira zaidi, wanatabasamu zaidi. Nikawa nasema moyoni, hawa watu ni wazembe kiasi gani? Utingo wangu anaitwa Masunga, mtu mzima mwenye wake wawili na maneno mengi. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akanieleza kwamba huku magari ni machache na kila dereva anajulikana, kwa hiyo honi ni hodi. Unapiga mbele ya nyumba ya mkweo, unapiga kwa rafiki, unapiga kidogo tu unapopita penye msiba ili wajue umewakumbuka.

"Sasa wewe bwana unawasalimu mara nne nne," akaniambia. "Watadhani umekuja kuposa."

Basi nikajifunza. Nikawa napiga mara mbili, fupi fupi, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole. Haukupita muda, njia nzima ikanijua. Mkenya huyo, Mkenya huyo! Na sikufichi, dada, nilipenda. Unajua mtu akiwa mbali na kwao anakuwa maskini wa salamu. Kule Mombasa nilipita mbele ya maelfu ya watu bila mmoja kuniinulia uso. Huku nilikuwa nasalimiwa na hata wazee waliokaa kwenye vigoda nyuani mwao, watu wasiojua jina langu wala la baba yangu.

Ukikaribia Nkoma kuna nyumba iliyo karibu sana na barabara, ya mkulima wa pamba aitwaye Jilala. Mkewe aliitwa Nkwimba. Sikuwahi kuzungumza naye hata siku moja. Lakini nikigusa honi, hata awe anafagia, hata awe anaanika pamba, aliacha alichokuwa anafanya, akageuka, akapiga goti mpaka chini, kama wanawake wa huku wanavyofanya wakimsalimu mtu wanayemheshimu. Nilikuwa naona midomo yake tu ikisema "Mwadila," ambayo ni salamu yao ya mchana. Masunga alikuwa ananitania kwamba yule mama ananipa heshima kubwa kuliko mshahara wangu. Mimi nilikuwa namkumbuka mama. Unakumbuka alivyokuwa akiturudisha tukipita kwa jirani kimya? Unapitaje mlango wa watu kama mbwa, rudi ukasalimu. Nikasema, mama angempenda sana huyu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa alasiri, jua kali, tunarudi kutoka Nkoma, pamba imejaa mpaka juu ya bodi na Masunga amelala juu yake. Barabara pale inateremka kuelekea kwa Jilala. Lori lenye mzigo likishaanza kuteremka halisimami kwa kuombwa. Nkwimba alikuwa anavuka na ndoo ya maji kichwani, amenipa mgongo. Angetembea hatua chache tu angekuwa ameshavuka. Mkono wangu ukafanya ulichozoea tangu ujana: nikaikandamiza honi. Dada, sikuwa nasalimu. Nilipiga ile ya kwetu. Lakini lori lina honi moja, haina Kiswahili cha kufukuza na Kisukuma cha kusalimu. Akaitambua. Akasimama katikati ya barabara, akageuka, akaishika ndoo kwa mkono mmoja, akapiga goti.

Nilikanyaga breki mpaka nikainuka kitini. Uso wake niliuona. Hakuwa na hofu yoyote.

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Nakumbuka mtu akipiga mwano, yaani lile yowe la Wasukuma la kuitana penye shida, na nyumba ya pili ikaupokea, na ya tatu, mpaka nikausikia unatokea kote. Masunga ndiye aliyenishusha kwenye kabini. Tulimbeba tukamlaza juu ya pamba, Masunga akakaa amempakata kichwa, nikaondoa lori kuelekea hospitali ya Bariadi kwa mwendo ambao sijawahi kwenda nao, wala sitaki tena. Njiani, mbali bado na mji, Masunga aligonga paa la kabini. Nikasimama nikachungulia juu.

"Endesha pole pole sasa," akasema.

Polisi waliniweka ndani. Trafiki aliyeandika maelezo yangu alikuwa na swali moja aliloliona kubwa: ulipiga honi? Nikasema nilipiga. Majirani wote wakaulizwa, wote wakasema honi tuliisikia. Basi akaonekana kama mtu aliyetua mzigo. Akaandika kwamba dereva alitoa tahadhari na mtembea kwa miguu akaipuuza. Nikatolewa. Tajiri alinipokea mlangoni akanipiga bega, akasema nina bahati, kuna gari la mzigo linakwenda Sirari mpakani, nipande nikapumzike kwetu, kesi itajifia yenyewe. Kila niliyekutana naye aliniambia ajali haina kinga. Walisema kwa wema, lakini nilifika mahali neno hilo nikawa nalisikia kama kofi. Begi langu nililifunga. Nakwambia ukweli, nililifunga.

Ndipo Jilala akanitumia mtu, ananiita nyumbani kwake. Tajiri akasema nikienda nitarudi vipande. Nikamuuliza Masunga. Akafikiri, akasema, "Wangetaka kukukata wasingetuma mtu. Wangekuja." Akakubali kunisindikiza. Tulikwenda kwa baiskeli, yeye anaendesha, mimi nimekaa nyuma, maana sikutaka kushika usukani wowote.

Walikuwa wamekaa uani, vichwa vimenyolewa. Sikusukumwa, sikutukanwa. Nilipewa kigoda na maji ya kunywa, dada, na hayo maji ndiyo yaliyonivunja kabisa. Jilala ni mwembamba, mpole wa sauti. Kando yake alikaa mama yake mzee, aliyekuwa haangalii mtu. Jilala akaniambia kwamba polisi wamemweleza kwamba mkewe alipuuza honi. Tangu hapo watu wana maneno. Mmoja aliyekuwa mbali shambani anasema alimwona akipiga magoti mbele ya lori. Wengine wanauliza kama alikuwa amekunywa. Wengine wanasema pengine waligombana yeye na mkewe ndani, akajitupa. Mama yake Jilala hali chakula kwa ajili ya maneno hayo.

"Mke wangu hakuwahi kumpuuza mtu," akasema. "Wewe ndiye uliyemwona. Alikuwa anafanya nini?"

Mghoi, nilijua vizuri sana nikisema nini nitabaki salama. Ningesema sijui, ghafla, vumbi. Gari la Sirari lilikuwa bado halijaondoka. Nikamtazama yule bibi, nikaona mikono yake imelegea mapajani kama si mali yake.

Nikasema, "Honi niliyopiga ilikuwa ya kumfukuza. Yeye akadhani namsalimu kama siku zote. Alikuwa ananiitikia."

Masunga akatafsiri kwa Kisukuma ili bibi asikie. Jilala akafunika uso. Mtu mmoja nyuma yangu akasema jambo kwa hasira, nikajua sasa limeniangukia, lakini bibi akainua mkono kumzuia. Kisha bibi akauliza kitu kifupi. Masunga akanigeukia.

"Anauliza, na wewe ulimjibu?"

Nikasema sikuwahi. Bibi akasema basi nikamjibu, mwanawe hakuwa mtu wa kuachwa na salamu mdomoni. Hakusema mkwe wangu, alisema mwanangu. Wakanipeleka kaburini, nyuma ya nyumba, udongo bado mbichi. Masunga akaninong'oneza neno lao la kujibu, "mhola," maana yake kwema, amani. Nikalitamka. Hakukuwa na kwema wala amani, dada, lakini nililitamka mpaka likatoka vizuri. Tuliporudi uani, bibi alikuwa amechukua kipande cha kiazi, anakitafuna taratibu.

Kesho yake nikarudi polisi nikasema maelezo yangu yabadilishwe. Yule trafiki alinitazama kama mtu aliyekunywa dawa ya mbu. Akaniuliza kama najua ninachojifanyia. Nikamwambia andika alikuwa anaitikia salamu. Akasema neno kama hilo halina mahali pake kwenye maelezo ya ajali. Tukabishana sana, mwishowe akaandika. Sasa leseni yangu wanayo wao, na nitapandishwa mahakamani. Huenda ikawa faini, huenda ikawa gereza, hakuna anayejua. Tajiri amenifukuza, ameniita mjinga mbele ya watu, na kwa upande wake sioni kama amekosea sana. Nalala kwa Masunga. Mke wake mdogo ananipikia, na mkubwa ananisema kwamba sili.

Kwa hiyo Krismasi msiniwekee sahani. Najua utakasirika. Utasema nimemwacha mama mgonjwa kwa ajili ya marehemu nisiyewahi hata kuzungumza naye. Nimelifikiria hilo kila siku. Ila ningepanda lile gari, Nkwimba angebaki huku ameandikwa mpuuzi aliyekufa kwa kupuuza honi, na watoto wake wangekua wakisikia kwamba mama yao alijitupa. Kumbe alikufa kwa adabu. Mimi peke yangu ndiye niliyeliona hilo.

Ukiona wakati umefaa, mweleze mama. Usimwambie tu kwamba niligonga mtu. Mwambie na jinsi yule mtu alivyokuwa. Nadhani yeye atanielewa kabla yako.

Nisalimie mjomba Mwadime aliyenifundisha kushika usukani, mwambie sina kinyongo na mafunzo yake. Nisalimie shemeji, na jirani yetu mshona viatu, na mama mkwe wako kama mmeshapatana. Lakini nakuomba kitu, Mghoi. Usiwasalimie kwa kupita, ukiwa na haraka zako. Simama mlangoni, sema Mwakio anakusalimu, halafu mngoje kila mmoja aitikie ndipo uende kwa mwingine.

Na mama umsalimie mwisho, akiwa ametulia. Atakachoitikia niandikie kama alivyokisema, usipunguze neno.

Ni mimi mdogo wako,
Mwakio