Dumu la Akiba

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi mgongo? Bado unamnyanyua peke yako yule mzee unayemtunza huko kazini? Sisi tupo, ila Bibi ndiyo hivyo, leo ana nafuu, kesho hana.

Tangu nimalize shule nashinda naye ndani. Daktari amesema mashine ya oksijeni isizimwe, na umeme sasa unakatika kila baada ya siku mbili. Ule mtungi mdogo wa oksijeni ya akiba haumalizi hata saa mbili. Basi jana nilikwenda kuangalia jenereta kama ulivyoagiza. Muuzaji alinionyesha dogo la kubeba mkononi, lina sauti ya upole, na jingine la magurudumu, linanguruma kama lori linalopanda mlima. Akaniuliza, "Binti, unataka la kuwashia nini?" Nikasema, "Taa." Sijui kwa nini. Kulikuwa na watu nyuma yangu.

Mimi nimelipenda lile dogo. Nijibu upesi.

Mwanao,
Kobe

11 Februari

Mwanangu Kobe,

Marahaba. Mgongo upo, hauniachi nisahau umri wangu. Bibi msalimie, mwambie mwanawe anamwota.

Rudi dukani ukaseme ukweli. Nimemuuliza fundi wa nyumba hii. Anasema mashine kama ile, ikianza tu, huvuta umeme mwingi kuliko ikishatulia, na dogo litazimika palepale. Chukua la magurudumu. Liweke uani mbali na dirisha, ulijengee kibanda cha bati. Hata mvua inyeshe vipi, lisiingie ndani, moshi wake huua watu wakiwa wamelala. Na ujaze petroli madumu mawili, usiyaguse ovyo. Akiba haiozi.

Hapa umeme ukikatika taa hupepesa mara moja tu, jenereta linajiwasha lenyewe. Mzee wangu hata hajui. Mimi nabaki nimeshika sahani yake, nawaza pumzi za mama yangu.

Mama

30 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na kazi. Bibi anakula kidogo.

Jenereta tunalo. Lakini jirani yetu, yule mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu, aliniita kwenye ukuta. "Kobe, mmefungua mashine ya kusaga? Nikilala mchana naota nasagwa mimi!" Nikacheka, nikasema samahani.

Tangu hapo umeme ukikatika mchana namsubiri aamke, Bibi anatumia mtungi. Jana mtungi uliisha kabla hajaamka. Midomo ya Bibi ilibadilika rangi. Nikakimbia kuliwasha, na niliporudi akanishika mkono, akasema, "Ungemwacha mwalimu alale, mimi nipo tu."

Nimechoka, Mama. Usinigombeze.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Sikugombezi. Hata nguvu ya kugomba sina. Nenda kwa mwalimu. Usiombe radhi, mwambie tu kelele ile ni ya nini. Mdomo ukigoma, mwandikie.

Mama

20 Mei

Mwanangu, hamjambo huko? Barua yangu hujajibu. Bibi yuko? Niandikie hata mstari mmoja.

Mama

2 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Bibi yupo, amelala, naisikia mashine yake. Kila siku nilisema nitaandika kesho.

Mwalimu nilimwandikia, kwenye karatasi ya daftari: "Jenereta likinguruma, ujue Bibi anapumua." Aliisoma mlangoni, akaikunja, akaingia ndani. Tangu hapo hakulalamika tena.

Jumatatu umeme ulikatika saa saba mchana. Tangi lilikuwa tupu, na vituoni hakuna petroli tangu Ijumaa. Nikasema, leo ndiyo siku ya akiba. Mama, yale madumu nilikuwa sijayagusa tangu Februari. Kila niliponunua petroli nilitumia hiyo mpya, ile ya zamani nikaitunza kibandani, chini ya bati, kwenye joto. Nilimimina. Nikavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Likakohoa, likafa. Likakohoa, likafa. Mafuta yalinuka kama rangi ya ukuta iliyochacha. Nikarudi ndani, mshale wa mtungi ulikuwa unashuka, na Bibi ananitazama.

Mara mlango ukagongwa kwa ngumi. Mwalimu, fulana kageuza, mguuni ndala moja.

"Mbona kimya? Umeme hakuna, mbona kwenu kimya?"

Alimwaga mafuta yote ya tangini, akasafisha plagi ya injini kwa fulana yake, akaingiza mpira kwenye gari lake na kuvuta petroli kwa mdomo. Akaimeza kidogo. Neno alilolitoa, ningelisema mimi darasani angenichapa.

"Nani kakwambia petroli ni dhahabu? Huharibika! Ya zamani itangulie, mpya ndiyo ikae."

"Mama alisema akiba haiozi."

"Mwambie mama yako kapata sifuri."

Alipovuta kamba mara ya pili, likanguruma. Bibi akafumba macho, kifua kikaanza kwenda taratibu.

Mwalimu akavuta kiti karibu na kibanda, eti alilinde. Haikupita muda akalala, kinywa wazi, pembeni ya makelele yote yale. Nilimwacha. Umeme uliporudi saa kumi na moja, nikalizima.

Akaruka kitini palepale. "Kuna nini? Bibi vipi?"

Mwanao,
Kobe