Nimefelishwa na Salamu ya Mzee Agustino

Mama Feliciana, shikamoo. Nakuandikia kwa haraka, kwa maana nisipopata leseni mwezi huu mume wangu Yoramu anauza kirikuu yetu, kile kigari cha mizigo, na hiyo ndiyo inayotulisha, ndiyo inayobeba viazi kutoka Matamba hadi sokoni Makambako, ila tangu Yoramu avunjike nyonga imekaa uani chini ya turubai, kuku wanataga humo. Mimi ndiye niliyesema nitajifunza, nikajifunza kwa mwalimu Benno hapa Kitandililo, gia najua, rivasi najua, kupanda mlima bila kurudi nyuma najua, lakini mtihani nimefeli mara mbili, na mara zote salamu ndiyo iliyoniponza. Mara ya kwanza ndiyo naachia klachi niondoke, afande wa trafiki anayenitahini pembeni yangu, akatokea Mzee Agustino, mzee wa usharika wetu, akanyanyua kofia kunisalimia, "Kamwene!", nami nimelelewa kwamba mtoto wa kike hampiti mzee bila kupiga goti, basi goti likajipiga lenyewe pale kwenye kiti, mguu ukachomoka, gari likaruka kama chura likazima. Mara ya pili nikajiapiza sipigi goti, na kweli mzee alipotokea tena sikupiga, nilisimamisha gari katikati ya barabara nikaachia usukani nikamwitikia kwa mikono miwili, bodaboda wa nyuma nusura atuvae, afande akasema, "Mama, shuka." Nililia mpaka nyumbani. Sasa wifi yangu Aneth anasema afande alikuwa anangoja apewe chochote, na yeye anamjua mtu atakayenipatia leseni bila mtihani, na Yoramu jana kaleta mnunuzi kulitazama gari bila kuniambia. Mama, niichukue hiyo leseni ya mlango wa nyuma, au nikubali kwamba mimi si wa gari?

Esnath, Kitandililo

Marahaba, Esnath. Nimecheka, nisikufiche, halafu nikakasirika. Mwambie wifi yako asikuharibie. Umeandika mwenyewe kwamba bodaboda nusura awavae, sasa leseni ya Aneth ingemsaidia nini huyo bodaboda? Ungebaki na leseni mkobani na mtoto wa mwenzio chini ya matairi. Usiiguse.

Gari unaliweza. Shida yako wanayo wengi wanaofeli, na Benno hajaiona kwa sababu anakuzungusha uwanja wa mpira usio na wazee: unaendesha kama unavyotembea. Kwa miguu tunasimama popote, tunageuka popote, tunaitikia kila mtu. Mwingine anafeli kwa kukata kona kwenda dukani bila endiketa, kama alivyozoea. Wewe unafeli kwa adabu. Na adabu yako naipenda, mwanangu, usiitupe, ila itafutie mahali pake.

Sasa nenda kwa Mzee Agustino leo hii, piga goti lako lote, umweleze. Mwombe akae kando ya barabara unakofanyia mazoezi na Benno, akusalimie kila ukipita, kwa kofia na kwa sauti. Wewe macho mbele, mikono kwenye usukani, mpite. Utaona aibu, moyo utakuuma, mpite tena. Ukimaliza washa endiketa, tazama kioo, egesha pembeni, vuta hendibreki, zima gari, ndipo ushuke ukamwamkie vizuri.

Na Yoramu mtoe ndani, akae na mzee hapo hapo amwone mkewe. Mwanaume anayeleta mnunuzi bila kusema neno ameogopa tu. Usimnunie. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe asubiri mtihani mmoja zaidi, na hao kuku watafutie pa kutagia, kwa sababu hilo gari litatoka.

Siku kina mama wa kwaya watakapoanza kunung'unika kwamba Esnath siku hizi anaringa, anatupita hasalimii, usiwajibu. Nenda kachukue tarehe ya mtihani.