Mlango wa Nyuma Haufunguki kwa Ndani

Alhamisi, 11 Julai 2024

Kesho safari! Peniel kaniomba nimpeleke kwao Mwankoko, Singida. Jumapili wakwe zake watarajiwa wanakuja kuona mahali binti yao anapoolewa, na bwana hataki kuonekana anashuka kwenye basi na begi begani. Nimekubali. Kwanza ni rafiki yangu, tunafanya kazi pamoja hapa Dodoma – yeye stoo, mimi uhasibu. Halafu kuna Ziwa Singidani. Kamera ninayo tangu Pasaka na sijapiga kitu zaidi ya paka wa jirani.

Gari ni la dada Anastazia. Nimemwambia nalipeleka kwa fundi, maana ule mlango wa nyuma kushoto umegoma kufunguka kwa ndani. Si uongo mkubwa. Mafundi wapo hata Singida.

Ijumaa, 12 Julai

Tumefika. Nina hasira!

Kosa lilianzia Dodoma. Kiti cha mbele niliweka kamera na stendi yake. Peniel akataka kukaa mbele, nikamwambia kaa nyuma bwana, breki moja tu lenzi imekwenda. Akakaa nyuma kushoto, kapiga tai. Tukapita Kintinku, Manyoni, Ikungi, hadi uani kwao. Ukoo mzima umesimama! Vigelegele! Peniel anavuta mlango – wapi. Anavuta tena. Nikashuka mbio, nikazunguka gari, nikamfungulia. Na kofia yangu nyeusi kichwani. Na shati la bluu, kama sare ya dereva.

Basi. Nimekwisha.

Baba yake, mzee Yeremia, akanishika bega: dereva ana adabu huyu, siku hizi mnawapata wapi? Nikasema shikamoo. Marahaba, dereva! Nikamtazama Peniel anisafishe jina. Peniel akatazama kuku.

Chakula wamekula sebuleni. Mimi nimewekewa kigoda jikoni. Peniel kapewa firigisi na mapaja mawili. Mimi shingo. Shingo! Mtu mwenye diploma! Mama yake, mama Rahabu, akaniongezea ugali, eti madereva ni walaji. Nikaukataa moyoni, nikaumaliza wote. Ugali wa uwele na mlenda – siwezi kuusingizia, ni mtamu.

Jioni nikambana Peniel nyuma ya zizi. Mimi ni nani wako? Akaapa hakutamka neno lolote, wamejisemea wenyewe. Ndiyo, hakutamka neno, na hilo ndilo ninalomlaumu! Akanishika mikono yote miwili. Eti baba mdogo wa Rahel – Rahel ndiye mchumba – ni mzee Chediel, na mzee Chediel ameshafukuza wachumba wawili. Mmoja kosa lake ni kuja na pikipiki ya kuazima. Huyu akinusa uongo, Rahel nimemkosa, Festo. Nivumilie mpaka Jumapili. Machozi yakamlengalenga.

Mjinga kabisa mimi. Nikasema haya, mpaka Jumapili.

Jumamosi, 13 Julai

Ziwani! Flamingo wamejaa, maji yote pembeni ni waridi, yale mawe makubwa yamekaa kama yamepangwa na mtu. Picha nilizopiga: sifuri.

Mzee Yeremia naye alikuja. Tulipofika tu: dereva, wakati sisi tunanyoosha miguu, lipige gari maji, kesho tuna wageni. Peniel akakohoa. Mimi nikavua viatu. Nikachota ndoo ziwani, nikaosha gari la dada yangu, kwa mara ya kwanza tangu alinunue. Huku nikitazama Peniel kaegemea jiwe, mkono mfukoni kama mbunge, anapigwa picha na binamu yake. Kwa kamera yangu!

Gari likakauka. Mabaka meupe mwili mzima! Kumbe ziwa lina chumvi. Mzee Yeremia alicheka mpaka akakaa chini. Kijana, maji ya kuoshea nimekuwekea kwenye buti, madumu mawili, hukuangalia? Sikuangalia. Ningeuliza ningeonekana sijui kazi yangu. Kazi gani? Ona sasa, na mimi nimeanza!

Halafu mzee akachukua kitambaa, akaanza kunisaidia kufuta. Taratibu, upande wake. Akasema huyu Peniel amesomeshwa kwa alizeti, mwaka mvua ilipokataa walikula mlo mmoja ili ada ipatikane. Na watu walimcheka, kwamba anamwaga mbegu kwenye mwamba. Jana nilipoona mwanangu anafunguliwa mlango, akasema, nilimtazama jirani yangu. Sikumwambia kitu. Nilimtazama tu.

Nilikuwa na maneno yangu yote tayari mdomoni. Nikachovya kitambaa, nikafuta upande wangu. Niliona huruma mpaka nikaona aibu, kisha nikakasirika upya, maana huruma yenyewe imenijia nikiwa nafuta chumvi.

Anastazia katuma ujumbe: fundi kasemaje? Nimejibu: anaangalia na rangi pia.

Jumapili, 14 Julai

Naandika ndani ya gari. Dereva hukaa na gari lake.

Wakwe wamefika baada ya ibada. Mzee Chediel mbele, mwembamba, fimbo mkononi, anatazama bati, anatazama zizi, anatazama mabaka ya gari muda mrefu. Shikamoo yangu kaiitikia kwa pua. Rahel alikuwa wa mwisho. Alipofika kwangu akainama dirishani mwa gari: pole na safari, shemeji.

Shemeji! Siku tatu sijaitwa jina la binadamu! Nilifurahi kabisa kabla sijaelewa. Huyu anajua. Ameshafika Dodoma, stoo anaijua. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye amempenda huyo huyo wa stoo, lakini kwa baba mdogo neno la binti halihesabiwi. Akapita na kanga yake, macho chini, kama hakusema kitu.

Kisha chakula kikatengwa. Kuku wanne. Dirisha la sebule liko wazi, nasikia kila kitu. Mzee Chediel kasukuma beseni: kwao hawanawi mikono mpaka shahidi aseme. Na shahidi si ndugu. Baba atamsifia mwanawe, mama atapitiliza. Aitwe yule anayesafiri naye. Aitwe dereva. Atuambie mambo mawili tu: huyu kijana ni mtu wa namna gani, na gari lile ni la nani.

Jamani! Swali hili nimelisubiri tangu Ijumaa! Nimelala nalo, nimelifanyia mazoezi: gari ni langu mimi, na mimi si dereva wa mtu! Sasa limeulizwa mbele ya wazee, na gari si langu.

Simu nayo ikalia mfukoni. Anastazia: nimempigia fundi, hajaliona gari. Festo, gari langu liko wapi?

Peniel katoka eti anakuja kuniita. Kaingia nyuma kushoto, kabamiza mlango. Sema ni la ofisi. Nikamwambia ofisi ipi, ya stoo? Sema lolote basi, ndugu yangu, baba ananitazama. Jasho limemlowesha tai. Anaona naandika, anadhani natunga jibu. Laiti.

Wametoka wote barazani. Mzee Chediel kaegemea fimbo. Mama Rahabu kashika jagi, hakuna anayenawa, kuku wanapoa. Rahel anatazama miguu yake. Mzee Yeremia amepiga hatua moja mbele ya wenzake, ananyoosha mkono kuelekea huku, uso wote umefunguka. Nasikia anavyowaambia: subirini, tazameni sasa dereva wetu anavyomfungulia.

Peniel anavuta kitasa. Anavuta tena. Festo, ananong'ona, mlango.

Kofia yangu niliiweka wapi?