Meno ya Mama Aziza

Kindu, Alhamisi

Basi nimeshindwa, na sina pa kuficha uso.

Wakati wa vita, mawe ya redio, ndiyo betri zake, yakiisha nguvu, mke wangu alikuwa anayauma kwa meno, yapate nguvu kidogo tena, tusikie habari, tujue kama tukimbilie porini. Mimi nilimucheka miaka yote: "Mama Aziza, unakula chuma!"

Leo binti yetu Aziza alipiga simu kutoka labo, maabara ya chuo anakosomea. Wanatengeneza betri za kuchaji kwa nyuzi za kaboni, nyembamba kupita unywele. "Papa, tunazikandamiza sana. Zisipogusana vizuri, umeme unapita kwa shida. Ni kama vile Mama alivyokuwa anabana mawe kwa meno."

Nikamufikishia Mama Aziza, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alisimamisha muchi wake wa kutwangia, akatabasamu. Nikaona lile jino lililomeguka kwa ajili yetu.