Babu, Leo Nimesema Nini?

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Miguu imevimba tena. Daktari amemwambia binti yangu Maimuna kwamba moyo umechoka, hata tukienda Dar hakuna jipya. Alimwambia yeye, si mimi – nami nimelala pale pale! Haya. Basi niandike nisilowahi kumwambia mtu.

Mjukuu wangu Twalibu ana kigugumizi. Alihamia kwetu Mwembesongo mwezi wa kwanza, kutoka Dumila kwa mama yake, akaanza kidato cha pili. Hakuna mwenzake aliyemsogelea hata kuazima peni. Darasa zima wanacheza gemu moja ya kwenye simu. Kila mtu ana kijiji chake, wanaunda ukoo, wanapeana askari, wanavamia koo nyingine kwa pamoja. Twalibu akaiweka kwenye simu yangu. Walimpokea kwa sababu ukoo ulipungukiwa mtu.

Jioni yeye yuko tuisheni, simu iko kwangu. Siku moja wakavamiwa. Wenzake wakaandika: Twalibu, uko wapi?

Nikajibu mimi, kwa jina lake.

Jumatano, 6 Agosti

Twalibu anajua. Nilipomwambia nilidhani atakasirika. Badala yake, kila akirudi anakaa ukingoni mwa kitanda na kuniuliza, "Babu, leo nimesema nini?" Namsomea. Anacheka, anayashika maneno, ili kesho shuleni yasimshangaze. Siku hizi wanamsubiri getini. Geofrey anamwita Profesa. Akiwa nao anatikisa kichwa tu na kutabasamu – wanaona ni mpole, maneno yake yote yako kwenye simu.

Aliye karibu naye zaidi ni Thobias. Mnyamwezi wa Tabora. Mimi Mluguru – mtani wangu huyo, nimwacheje? Nilimwandikia kwamba babu zake walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, na yeye naona bado anabebeshwa, askari wote wa ukoo wanatoka kijijini kwake. Akajibu kwamba babu zangu walikuwa wamejificha mlimani wanachungulia. Nilicheka mpaka Maimuna akaja kuangalia kama napumua.

Twalibu aliuliza mbona Thobias hakukasirika. Nikamweleza utani ulivyo. Mtani humwombi ruhusa. Unaweza kumwambia baba yake ni mwizi wa kuku, atacheka na kukurudishia. Alinisikiliza kwa makini sana, kama anayejifunza njia ya kwenda mahali.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo Thobias ameniandikia pembeni, nje ya ukoo, kwa meseji ya kawaida. Darasani anasema baba yake ni dereva wa malori, yuko Mwanza. Si kweli. Amefungwa Kingolwira. Jumapili asiyoonekana kwenye gemu huwa yeye na mama yake wamekwenda kumwona.

Akamalizia: "Nakwambia wewe kwa sababu wewe huongei ovyo."

Nikamwandikia kwamba haitatoka hapa. Kisha nikafuta yote kabla Twalibu hajarudi. Alipouliza amesema nini leo, nikajibu hakuna la maana. Siri ya mtoto wa watu. Enzi zangu za ualimu sikuwahi kuitoa hata moja, nitaanza leo?

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wamekwenda uwanjani kwenye maonyesho, ukoo mzima. Mara ya kwanza Twalibu kutoka na wenzake. Maimuna kampigia pasi shati huku akimtania kwamba anakwenda kuposa. Mawingu yameshuka Uluguru, dirishani sioni mlima, naona weupe tu. Nimefurahi. Kifua kizito, lakini nimefurahi.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana alirudi mapema, akapitiliza chumbani. Hakuniuliza kitu. Leo asubuhi nimemvuta neno moja moja mpaka yametoka.

Walifika banda la Magereza. Magunia ya mahindi, mboga, na sanamu ya mfungwa kashika jembe. Wote wa ukoo walikuwapo, Lucy, Geofrey, wote. Twalibu akaona hapa ndipo pa kutania kama anavyotania kwenye simu. Akamshika Thobias bega, akamwonyesha sanamu.

"Mtani, mbona humsalimii baba yako?"

Sentensi nzima. Hakukwama hata mara moja. Anasema alijisikia mwepesi, na wenzake walicheka sana. Thobias hakucheka. Alimtazama, akaondoka peke yake.

"Babu, ni-nilikosea wapi? Si mtani?"

Nikasema sijui.

Jumapili, 10 Agosti

Thobias ametoka kwenye ukoo. Leo ndiyo siku yao ya Kingolwira.

Jumanne, 12 Agosti

Thobias kahamia dawati la nyuma. Amewaambia wenzake kwamba Twalibu ni nyoka, hasemi sababu. Ataisemaje? Wengine wameanza kumkwepa Twalibu bila kujua kwa nini. Geofrey ameandika kwenye ukoo: Profesa, umemfanya nini Mnyamwezi wetu? Sikujibu. Twalibu anataka kurudi Dumila. Chakula hali.

Nikimweleza, nimeitoa siri. Nikinyamaza, Thobias atakua akiamini kwamba aliyemwamini alimwanika mbele ya watu. Na huyu wangu ataamini kwamba siku pekee aliyosema vizuri ndiyo siku aliyoharibu. Atanyamaza moja kwa moja. Namjua.

Usiku silali tena chali. Nakaa.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwandikia Thobias. Kwamba mimi ni babu yake Twalibu, mwalimu mstaafu, niko kitandani. Kwamba ile siri niliipokea mimi na kuifuta mimi. Twalibu hajaiona, hata leo haijui. Pale uwanjani alikuwa anatania tu, kwa utani niliomfundisha mimi.

Kisha:

"Shikamoo."

Nikaitikia.

Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu mwezi wa tatu. Akauliza kama ni maneno yote. Yote. Hata ule utani wa mizigo? Hata ule.

"Basi Twalibu simjui. Rafiki yangu ni wewe, na wewe unaumwa."

Nilikuwa najiambia namfanyia mjukuu. Uongo, au nusu ya uongo. Niliosoma nao nimewazika wote, hakuna aliyebaki wa kuniuliza niko wapi. Halafu jioni simu inalia na watoto wanauliza: uko wapi? Nilikuwa naingoja saa ya tuisheni kuliko dawa. Mtoto akichelewa kutoka, nilimhimiza aondoke. Hilo ndilo ninaloungama.

Ijumaa, 15 Agosti

Thobias kaniandikia kunipa ruhusa: mwambie. Nimemwambia Twalibu, kila kitu.

Hakulia. Alisema taratibu kwamba kumbe wote wanampenda babu, yeye alikuwa mbebaji tu wa salamu. Nikamwambia si hivyo. Akaniuliza ni kitu gani basi wanachokipenda ambacho ni chake. Nilitafuta. Mwalimu mzima, nilitafuta.

Akachukua simu, akaifuta gemu mbele yangu. Kisha akaandika ujumbe, mrefu, kageukia ukutani. Hakuniruhusu kusoma, niliona jina la Thobias tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeshindwa uji. Maimuna ameita ndugu kutoka milimani, wanaanza kufika kesho. Anadhani sijui maana yake.

Thobias amekuja! Nimesikia akimwamkia Maimuna uani. Maimuna akamkaribisha aingie amwone mzee. Sauti ya Thobias nzito, sikuitegemea. Alijibu kwamba ataingia, lakini kwanza anamtaka Twalibu.

Sasa wako chini ya dirisha langu. Twalibu ameanza kusema. Na-na-na – amekwama. Anaanza upya. Maneno ninayo yote hapa, mazuri, ningeweza kumpa kwa kuita tu. Nimeuma shuka.

Thobias hajamkatisha. Hajaondoka pia, sijasikia geti.

Amekwama tena. Mama yake wa Dumila alikuwa akiniambia, mwache, neno linakuja. Bado yuko kwenye neno la kwanza