Jina Ambalo Mama Halitaji

Jumamosi. Mawingu yameukalia mlima tangu asubuhi, na hapa Gitting baridi imeingia mpaka jikoni. Sijisikii kuongea na mtu. Ndiyo maana naandika.

Jumatano niliweka hapa kwenye blogu yangu uhakiki wa ile filamu ya bi harusi anayehamia ukweni. Ni ya mapenzi, inachekesha, halafu mwishoni inaliza. Bi harusi haruhusiwi kutaja jina la baba mkwe wake, kwa hiyo filamu nzima anazungukazunguka maneno.

Wahakiki wa mtandaoni, karibu wote kwa Kiingereza, waliiponda. Walisema utani wa jina umevutwa mno, na bi harusi yule haaminiki.

Nakiri: mimi niliipenda. Nilicheka, nikalia. Nilipowasoma wao nikaona aibu kwamba nililia. Nikaandika, "Hakuna mwanamke anayeishi hivi siku hizi."

Watu wakasifu. Mmoja nisiyemjua akasema nina jicho kali. Maoni yake niliyasoma mara nyingi mno.

Leo mchana tulikuwa tunachambua maharage, mama, dada na mimi. Dada akachukua simu yangu, akausoma uhakiki kwa sauti, akijifanya mtangazaji wa redio. Mama alikuwa anacheka naye. Dada alipofika kwenye sentensi ile, mama akaacha kucheka.

Mama hajawahi kutamka jina la babu, mzazi wa baba. Kwetu Wadatoga, mwanamke aliyeolewa humheshimu mkwe hivyo. Hata neno linalokaribiana na jina lile hulikwepa, akatafuta jingine. Babu tulimzika mwaka juzi, na bado hajalitaja.

Babu alipougua tulimpeleka hospitali Katesh. Nesi akauliza jina la mgonjwa. Mama akanitazama tu, akisubiri nimtajie. Mimi, ambaye hata darasani sauti hainitoki, nikajibu. Tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikimtajia jina hilo kila panapohitajika.

Nilisahauje?

Mama aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa pembeni. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo mwanangu, mimi sipo?"

Dada alicheka, akidhani ni utani. Mimi niliinama. Tangu hapo swali hilo linanitangulia kila ninapoingia. Nikienda kuchota maji, lipo. Nikifungua daftari la hesabu, lipo.

Uhakiki sijaufuta. Nimeongeza maneno chini yake: Nilikosea. Mwanamke huyo yupo, na leo asubuhi amenimiminia chai.

Nilitaka kuandika na jina la babu, watu wajue ni nani anayeheshimiwa hivyo. Mimi sijakatazwa. Nikaandika herufi ya kwanza, nikaitazama, nikaifuta.

Kesho tukitoka kanisani nitamsomea mama uhakiki huo mimi mwenyewe, kwa sauti yangu hii ndogo. Je, nikifika hapo mwisho, kwenye maneno niliyoongeza, atanitazama tena kama siku ile hospitali?