Saa Aliyoichora Honorata

Hyattsville, Maryland
Jumatano, 9 Oktoba 2024

Shemeji yangu Cosmas,

Nakusalimu wewe mwizi wa mihogo, na kupitia kwako nawasalimu wote hapo Uvinza, wanaokupenda na wanaokuvumilia. Goti lako la kushoto linasemaje? Uliniandikia kwamba halikunji tena, na kwamba kanisani unasali umesimama kama nguzo ya simu. Niambie kama limepona au kama Mungu ameshazoea. Mimi nina afya ya mtu wa miaka sabini na nane: asubuhi nahesabu viungo, nikikuta vyote vipo nashukuru. Dada yako anakula vizuri, analala vizuri, na akinisukuma naanguka. Nakuandikia kwa mkono wangu, bila kumwomba Candide anipigie simu, kwa sababu humu kuna jambo ambalo binti yangu hapaswi kulisikia. Usikimbilie ukurasa wa mwisho. Nakujua.

Unajua Honorata alianza kupoteza majina. Yalipopotea ya majirani sikusumbuka, maana na mimi sikuwahi kuyapenda. Lakini mwezi wa sita aliteleka birika akaenda kuoga, likaungua mpaka kitako, king'ora cha moshi kikalia, na jengo zima likatoka nje na nguo za kulalia. Mwezi wa nane mimi nilisinzia kwenye kochi, yeye akavaa koti, akachukua mkoba, akatoka. Walimkuta kituo cha basi akimuuliza kila mtu kama treni ya Tabora imeshapita. Polisi wawili walimrudisha, wapole, mmoja amembebea mkoba. Ndani mlikuwa na viazi vitatu na Biblia.

Candide alikuja moja kwa moja kutoka kazini Arlington, kule anakoogesha na kulisha wagonjwa, hata sare hakuvua. Akasema imetosha, tutafute nyumba ya wazee. Nikaja juu! Nikamwambia kwetu mzee hapelekwi, mzee anakaa na watu wanamzunguka. Akanijibu taratibu: watamzunguka akina nani, Baba? Mimi nalea wazee wa watu kutwa nzima, na wa kwangu nimewaachia jiko. Nikamwambia chai yake ni baridi.

Basi tukazunguka. Ya kwanza ilikuwa Arlington, ghorofa refu lenye zulia linalonuka upya, lakini wasahaulifu wanakaa jengo la ng'ambo ya barabara. Ya pili haikuwa mbali na hapa, nzuri, ila ukizidiwa wanakufungashia virago uende kwingine. Ya tatu iko Manassas, na hiyo ndiyo iliyompendeza Candide, kwa kuwa ngazi zote za kuhudumiwa ziko chini ya paa moja. Mama mmoja mwenye meno meupe kupita kiasi akatutembeza. Ngazi ya kwanza ni ya wanaojipikia na kujifulia. Ya pili ni ya wanaosaidiwa vifungo na vidonge. Ya tatu ni ya wasahaulifu, na mlango wake unafunguliwa kwa tarakimu nne. Ya nne ni ya waliolala kitandani na manesi juu yao. Nikamuuliza ya tano iko upande gani, na kama ina kivuli. Candide akanikanyaga mguu.

Tulipofika mlango wa wasahaulifu yule mama alikinga tarakimu kwa kiganja, lakini mimi niliziiba kwa jicho, nikaenda msalani nikaziandika ndani ya kofia yangu. Nilipokuwa natoka, treni ikapita nyuma ya jengo, ikapiga honi. Honorata akasimama wima katikati ya ukumbi, akatabasamu, akasema hiyo imechelewa. Hapo ikawa imeamuliwa.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kila mtu anapimwa peke yake na kupewa ngazi yake. Mume na mke wanalala chumba kimoja wakiwa ngazi moja. Wakitofautiana, wa ngazi ya kwanza anaruhusiwa kwenda kumtembelea wa ngazi ya tatu mchana, jioni anarudi kwake. Miaka hamsini nimelala na dada yako, leo nigonge mlango kama mtu aliyeleta machungwa hospitali! 

Nesi wa kupima alikuja hapa nyumbani, na mkalimani alikuwa kwenye simu, binti aliyejitaja kwa nambari kama mfungwa. Kiswahili chake kilikuwa cha watoto wa huku: wazazi wanamsemesha, yeye anajibu Kiingereza. Dada yako alitangulia. Akapewa duara kwenye karatasi, aligeuze saa. Binti wa simu akatafsiri kwamba mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi. Cosmas, Honorata alichora mara moja. Mshale mfupi akauweka kwenye tano, mrefu kwenye mbili, saa kumi na moja na dakika kumi ya jioni, wakati baba yenu alipokuwa akitoka zamu stesheni. Nesi akatikisa kichwa, akaandika amekosa. Maana yeye alitaja kumi na moja ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa tano. Yule binti alihamisha neno, akasahau kuihamisha saa.

Nilifungua mdomo nimtetee, kisha nikaufunga. Isingemsaidia. Alipoulizwa mwaka alitaja mwaka aliozaliwa Candide. Alipoulizwa mimi ni nani alisema ni yule kijana wa kupima chumvi kiwandani, asiyejua kufunga gunia. Katika maswali yote kitu kimoja tu alikipatia sawasawa, na hicho ndicho walichomkosesha bure.

Lakini nilipokuwa nimefunga mdomo nikaona upenyo. Zamu yangu ikafika. Nesi akauliza naamka saa ngapi. Nikasema saa kumi na mbili, na binti akapeleka kumi na mbili, ambayo kwa nesi ni adhuhuri. Kifungua kinywa je? Saa moja. Nalala? Saa tatu. Ikaandikwa kwamba mzee anaamka adhuhuri, anakunywa chai mchana na kulala karibu na mapambazuko, kama mwanamuziki. Akauliza sasa ni saa ngapi, nikasema saa nne, akachungulia jua dirishani. Saa yangu niliichora kama ya Honorata, mshale kwa mshale. Sikusema uongo hata mmoja, padri yeyote angenipa komunyo. Mwisho kulikuwa na maneno matatu tuliyopewa mwanzoni tuyatunze. Akayadai, nikasema sina. Akaniangalia kwa huruma, nami nikalegeza mdomo kidogo ili huruma ikolee.

Wiki iliyofuata majibu yakaja: wote wawili ngazi ya tatu. Nilitaka kucheza. Candide alisoma ripoti, akafika kwenye adhuhuri, akainua macho. Akasema, Baba, wewe unaamka kabla ya ndege wa nchi hii. Akazisoma tena zile saa, akihesabu kwa vidole, akaelewa. Sijawahi kusikia binti yangu akipiga kelele namna ile. Alisema nimegeuza kipimo kuwa kijiwe cha kahawa. Alisema mlango ule ukifungwa umefungwa, sitatoka hata kununua kiberiti. Halafu akakaa chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba Mama anaondoka akiwa mbele ya macho yake, amebakiwa na mzazi mmoja mwenye akili, na huyo mmoja anataka kujifungia ndani kwa mzaha. Akapiga simu Manassas, akadai nipimwe upya na mkalimani wa kukaa naye meza moja.

Siku sita za kungoja, Cosmas. Honorata alikuwa akinifuata chumba hadi chumba ameshika pindo la shati langu, na mimi nilikuwa nawaza atashika la nani. Ujanja wa saa ulikuwa umekufa. Nikabaki na yale maneno matatu. Nikapanga hivi: nitayapokea, nitayashika vizuri, wakiyadai nitayanyamazia. Maneno matatu hayana mkalimani wa kulaumiwa.

Jana wakaja. Safari hii mkalimani alikuwa Cherono, Mkenya wa upande wa Kericho, naye pia amesomea unesi, mwanamke asiyepepesa. Akaniambia, mzee, wacha tuelewane, mimi nimelelewa na babu kama wewe, ukinichezea nitajua. Candide alisimama nyuma yangu amekunja mikono. Kila saa Cherono aliipeleka mahali pake, na ile ya kuchora akaniambia saa tano na dakika kumi. Ningeweza kuiharibu. Lakini Honorata alikuwa kwenye kochi akimenya karanga, ananitazama mkono, na kuna kitu hukijui. Nilipokuja kwenu kuposa, baba yenu aliniuliza swali moja tu, kama najua kusoma saa, kwa sababu mtu wa reli hamwozi binti yake kwa mtu asiyejua saa. Nikasema najua. Nilikuwa sijui. Niliishia darasa la tatu la misheni, nalo lilikuwa halijafika huko. Honorata alinifundisha kwa wiki moja, nyuma ya ghala la chumvi, kwa vijiti viwili chini. Sikuweza kuchora saa mbovu mbele yake. Nikaichora sawasawa.

Kisha nesi akayadai maneno aliyonipa mwanzoni. Cherono akasema haya mzee, yale matatu.  Nikasema sina. Cherono akaniambia nisilete mchezo, nijaribu tena, hana haraka. Nikasema sina. Hapo Honorata akapaza sauti kutoka kwenye kochi: Mbuzi! Mbuzi! Cherono akaangua kicheko, akamweleza nesi kwa Kiingereza, nesi naye akacheka, na mimi niliyetukanwa nikacheka. Candide hakucheka.

Leo asubuhi wamepiga simu. Ngazi ya tatu, wote wawili, chumba kimoja, dirisha la upande wa reli. Tunahamia Jumamosi. Candide aliweka simu mezani akasema, umeshinda, Baba, na tangu hapo anazungumza na sufuria tu, nazo zinamjibu kwa kishindo.

Sasa kaa chini, Cosmas, hata kama goti halikunji.

Ili unyamazie neno lazima kwanza uwe nalo. Jana nilikwenda kuyachukua yale maneno niyafiche, kama unavyokwenda kabatini kuchukua kitu unachojua ulikiweka wewe mwenyewe, nikakuta kabati tupu. Halikuwepo hata moja. Hata siku ya kwanza hayakuwepo, ila siku ile nilijiambia ni kicheko cha zile saa kimenipitisha. Jana sikuwa nacheka. Jioni Candide aliacha mezani karatasi ya kipimo, nikayasoma maneno yangu: kijiko, mvua, mbuzi. Dada yako hakuwa ananitukana. Alikuwa ananinong'oneza jibu kama mtoto wa darasani, kwa sauti ya stesheni, na hata baada ya kulisikia sikulitambua. Na zile tarakimu za mlango, nilijidai nimeziandika kofiani kwa ujanja. Niliziandika kwa sababu tangu mlangoni hadi msalani nilizirudia kwa mdomo njia nzima, na nilipofika moja ilikuwa imeshatoka. Kofiani ziko tatu.

Kwa hiyo hakuna aliyemdanganya mtu. Nilikwenda kudanganya nikakuta ni kweli. Chumba nilichotaka kukiiba ni changu kwa haki.

Candide sijamwambia. Anafikiri ana mzazi mmoja msahaulifu na mmoja mtundu, na hasira ya mtundu inamfikisha kazini na kumrudisha. Nikimwambia leo, wiki moja itakuwa imemchukulia wote wawili. Atajua, kazi yake ni kujua. Lakini anihamishe Jumamosi akiwa amenikasirikia, aniwekee nguo kabatini kwa kuzitupa. Akikupigia simu kunishtaki, mkubalie. Sema shemeji Nzeyimana amekuwa mpuuzi tangu kiwandani. Hilo halitakupa shida.

Na ukiniandikia kule Manassas usianze na salamu. Anza na jina lako, useme wewe ni nani kwangu, na jinsi Honorata alivyokukamata na mihogo ya Padri Anatoli. Ukimaliza hapo ndipo usalimie. Dada yako nitamsomea, na siku nikishindwa kusoma atanitukana.

Nisalimie mkeo, watoto, wajukuu, na wazee waliobaki kule kiwandani, kama wapo. Mkipita stesheni tazameni ile saa ya ukutani, mniambie kama bado inatembea. Tunawaombeeni, na nyinyi mtuombee, sana sana Jumamosi.

Ni mimi shemeji yako, mume wa Honorata,
Isack Nzeyimana

Nilitaka kusahau jambo kubwa: goti lako la kushoto linasemaje? Kama nimeshakuuliza hapo juu, usinicheke. Nijibu mara mbili.